Mikono ya Bibi Zivar

Inspekta Mansur Ardestani hakuwa mtu wa picha. Kwa kazi yake, picha nzuri ni ile ya uso na ya ubavu, yenye namba kifuani. Ndiyo maana faili la wizi wa picha ya kale lilipotua mezani pake alilichomeka chini ya mengine. Lakini kila asubuhi lilikuwa limepanda juu tena, kwa sababu mlalamikaji alikuwa habanduki kwenye benchi la idara ya upelelezi ya Shiraz, mkoba magotini, mtandio ukimteleza kichwani kama ilivyo kwa watu walioacha mazoea ya kuuvaa.

Jina lake Bi Mahlagha. Aliondoka nchini akiwa msichana, akazeekea Sweden, na sasa alikuwa amerudi kwa mara ya kwanza, kaka yake akiwa kaburini tangu majira ya baridi. Alikuwa amemshtaki mjane wa kaka yake, Bi Eshrat, kwa kuuza picha ya familia.

"Mama, nilisema nitakuita," Ardestani alimwambia alipomkaribisha ndani.

"Ulisema jana. Na juzi ulisema. Mwanangu, mimi umri wangu ni wa kuitwa haraka."

Sajini Marziyeh, aliyekuwa akiandika maelezo kwenye meza ya pembeni, alificha kicheko ndani ya gilasi ya chai.

"Haya, nimekuita. Ila nikueleze jambo kabla hatujaanza. Leo hii faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Likishafika kule, si ugomvi wa mawifi tena. Kuuza mali ya kale nje ya nchi ni jela. Wifi yako atalala ndani, na umri wake unaujua. Hilo umelifikiria?"

"Nimelifikiria. Kwani yeye alinifikiria mimi?"

"Basi nieleze picha, jinsi ulivyoiacha."

Bi Mahlagha alifumba macho. Sauti yake ilishuka, na ule ukali aliokuja nao toka kwenye benchi ukamwacha kidogo.

"Ni Zivar. Bibi mzaa bibi wa mama yangu. Alikuwa mpigaji ala katika nyumba ya gavana wa hapa, zama za wafalme wa Kajari. Mchoraji alimchora amekaa, nyusi zimekutana, gauni jekundu lenye lulu, na tar yake mikononi. Tar ya kweli ile, si ya kubuni. Ilitoka kwake ikashuka kwa mabinti, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwa mama yangu. Nami nilijifunzia hiyohiyo."

"Sasa hiyo tar yenyewe iko wapi?"

"Mama aliichoma jikoni, kipande kwa kipande, mwaka ule baada ya mapinduzi, muziki ulipopigwa marufuku, walipokuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta ala. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Esfandiyar, kaka yangu, aliniambia kwa simu, kwa fumbo." Alifumbua macho, yamejaa machozi. "Kwa hiyo, Inspekta, ile tar imebaki kwenye picha peke yake. Ndiyo niliyoijia. Sikujia nyumba wala zulia."

Ardestani alikuwa mtu wa Isfahan, na kwao watu hawalii mbele ya polisi. Alisogeza kisahani cha sukari upande wa mama yule, akaendelea.

"Na picha iliyopo sasa ukutani?"

"Mwanamke yuleyule, gauni lilelile, ila ameshika shada la mawaridi. Na mawaridi hayo nayajua. Esfandiyar alichora maua kwenye sinia na vikasha maisha yake yote, na kila shada lake lilikuwa na jani moja lililoliwa na mdudu. Jani hilo lipo. Kaka yangu alichora nakala, akapachika maua yake kwa sababu hakujua kuchora ala, wakauza ya kweli. Akafa, mkewe akafunga mdomo." Alitoa mkobani kitabu cha mnada, kilichokunjwa ukurasa mmoja hata ukataka kuchanika. "Na iliuzwa London. Huyu hapa."

Katika ukurasa huo alikuwepo mwanamke mwenye nyusi zilizokutana, gauni jekundu, lulu, na tar, lile gambusi la Waajemi lenye shingo ndefu na tumbo lililobanwa katikati. Ardestani alikitazama kitabu kwa muda, kisha akachukua kalamu na kuanza kugusa kwa ncha yake vile vigingi vya kukazia nyuzi.

"Tar ya mama yako ilikuwa na nyuzi ngapi?"

"Tano, kama zote za zamani. Mama alikuwa anasema uzi wa sita uliletwa na watu wenye haraka ya kumaliza wimbo."

Alimgeuzia kitabu. Bi Mahlagha alivaa miwani, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.

"Sita," alisema polepole. "Nimeitazama picha hii toka mwanzo wa mwaka. Nimelala nayo kifuani. Sikuhesabu."

"Mtu mwenye hamu hahesabu, mama."

"Hilo halimtoi wifi yangu hatiani. Kama hakuuza hii, aliuza kwa mwingine. Picha yenye tar haipo, Inspekta. Niliiacha na haipo."

Ardestani alivaa koti. "Sajini, lete gari. Twende tukaione hiyo isiyokuwepo."

"Petroli ya ofisi au ya Kiisfahani?" Marziyeh aliuliza.

"Ya Kiisfahani ni ipi?"

"Ile ya kuteremka mlima na injini imezimwa."

"Bora sisi. Watu wa Shiraz mnangoja mlima uwafuate."

Nyumba ilikuwa ndani ya kichochoro kisichopitisha gari, na uani mwake mdanzi ulikuwa umechanua kiasi kwamba hata Ardestani, ambaye pua yake ilizoea mambo mengine, alisimama kidogo mlangoni. Bi Eshrat alifungua akiwa amejifunga shuka la nyumbani, akawasalimu polisi kwa heshima zote na maneno yote, akauliza hali zao, za watoto wao na za wazazi wao. Kisha akamgeukia wifi yake.

"Leo umekuja na serikali, wifi? Siku tuliyomzika kaka yako ulikuja na nani?"

"Unajua kilichonizuia."

"Najua. Asiyekuwepo na lake halipo. Piteni ndani, chai ipo, leo jela kesho kaburi, lakini chai ipo."

Alisema kwa mzaha, huku akilivuta pazia la sebule. Lakini neno jela alikuwa amelitaja kabla hawajalitaja wao, na Ardestani aliliona hilo.

Picha ilikuwa kwenye shubaka la ukuta wa mbele, kubwa karibu ya urefu wa mtu, juu imeviringwa kufuata umbo la shubaka. Bibi Zivar aliwatazama wote kwa macho yake makubwa yenye wanja. Shada la mawaridi lilimfunika kuanzia kifuani hadi pajani. Maua yalikuwa mazuri, na jani lililoliwa na mdudu lilikuwepo, chini kushoto, limetoboka sawasawa. Bi Mahlagha alisimama mbali, mgongo umeelekea dirishani. Hakutaka kuyatazama.

Ardestani alianza kazi. Hakugusa kitu kwanza, aliuliza.

"Bi Eshrat, uliolewa humu lini?"

"Vita na Iraki ilikuwa haijaisha."

"Picha ilikuwaje siku unaingia?"

"Hivihivi. Na maua yake."

"Hukuwahi kuiona na tar?"

"Tar nimeziona harusini kwa watu. Hapa nimeona maua. Nimempangusa bibi huyu vumbi toka nilipokuwa bi arusi, baba. Hata mama mkwe alipokuwa hai, mpangusaji ni mimi."

"Mumeo aliwahi kuishusha? Kuipeleka kwa fundi, kuipiga picha, chochote?"

"Haishuki. Fundi rangi alijaribu mwaka ule tulipopaka ukuta, akaona ukuta utakuja nayo. Akapaka kandokando yake. Kama wote waliomtangulia."

Hapo Ardestani alipiga goti. Alitoa kisu kidogo, akakwangua rangi ya ukuta mahali inapokutana na fremu, taratibu, tabaka baada ya tabaka. Juu nyeupe. Chini yake rangi ya maziwa. Chini ya hiyo, rangi nyingine. Bila kugeuka, alipaza sauti.

"Bi Mahlagha, ulipoondoka ukuta huu ulikuwa na rangi gani?"

"Kijani. Baba aliupaka mwenyewe, kijani cha hospitali, na alikuwa na mkono mzito. Mama hakumsamehe mpaka anakufa."

"Aliyempokea baba yako akaupaka rangi ya maziwa ni nani?"

"Esfandiyar," Bi Eshrat alijibu. "Mwaka wa harusi yetu."

Ardestani alimwita Marziyeh, akamwonyesha kwa ncha ya kisu. Rangi ya kijani ilikuwa imepanda juu ya mbao za fremu, ikavuka, na kwenye kona ya chini ilikuwa imegusa kitambaa chenyewe cha picha, ikakaukia hapo. Haikukatwa popote. Fremu, kitambaa na ukuta vilikuwa vimegandamana kwa mkono mzito wa baba mmoja aliyekufa zamani.

"Soma," alimwambia Marziyeh.

"Picha hii ilikuwa hapa ukuta ukiwa wa kijani. Na toka hapo haijashuka. Angeitoa mtu, kijani kingepasuka." Marziyeh alinyanyuka. "Kwa hiyo haikuibiwa."

"Haikutoka. Kutoibiwa na kutotoka ni mambo mawili."

"Mnasema mimi nimechanganyikiwa?" Bi Mahlagha alikuwa ameshasogea. "Nilikua chini ya picha hii. Niliiacha na tar."

"Nakuamini, mama. Na Bi Eshrat namwamini. Taabu yangu ndiyo hiyo, kwamba nawaamini wote."

Chai ililetwa. Waliketi, mawifi kila mmoja upande wake, polisi katikati. Televisheni ilikuwa imewashwa kwenye kona, sauti chini, na mtu alikuwa anapiga humo tar, wimbo wa taratibu. Kwenye kioo kulikuwa na maporomoko ya maji, halafu yakaja mashada ya maua, halafu maporomoko tena. Bi Mahlagha alikunja uso.

"Anapiga nani huyo? Mbona wananionyesha maji?"

"Wifi yangu, umekaa sana kwa watu," Bi Eshrat alimwambia. "Huku ala tunaisikia, hatuonyeshwi. Mahali anapokaa mpigaji wanaweka maua."

Alisema hivyo huku akichagua bonge la sukari, kama mtu anayeeleza saa ya kupita mkokoteni wa taka. Ardestani alikuwa anainua gilasi. Ilisimama hewani, kisha ikarudi kwenye kisahani bila kunywewa. Alikuwa ameitazama televisheni hiyo toka utotoni, akasikia vinanda vyote vya nchi yake, akaona mawaridi yote ya nchi yake, na hakuwahi kulishangaa jambo hilo. Aliona aibu, na aibu hiyo ikamwinua kitini.

"Bi Eshrat, jikoni kuna mboga za majani?"

"Za kununuliwa leo. Kwani utakula?"

"Zilete zote zilizofungwa."

Aliletewa fungu la rihani na kotimiri. Alimpa Marziyeh, akamsimamisha chini ya picha.

"Shika kama umepewa maua."

Marziyeh alishika. Ngumi moja chini ya mashina, kiganja cha pili kikiegemeza.

"Sasa mtazameni Bibi Zivar. Mkono wa kushoto uko juu, karibu na bega, vidole vimetengana, kila kimoja na kazi yake. Wa kulia uko kifuani, kidole gumba na cha shahada vimebana kitu kidogo, wanatuambia ni kikonyo cha waridi. Nani anashika maua hivyo?"

"Labda anayeyanyonga," Marziyeh alisema.

"Bi Mahlagha, kaa hapa. Shika tar."

"Tar ipi?"

Swali lilikuwa la haki. Bi Eshrat alizama jikoni, akarudi na kikaango chenye mpini mrefu, kile alichokaangia samaki mchana. Alikuwa amekiosha kwanza, akakifuta kwa upindo wa shuka lake, akamkabidhi wifi yake.

"Kikaango," Bi Mahlagha alisema. "Nimerudi nyumbani kushika kikaango."

"Wengine tumekishika miaka yote," Bi Eshrat alimjibu.

Aliketi. Alikilaza pajani, mkono wa kushoto ukashika mpini, wa kulia ukatua juu ya chuma, mbele ya kiuno. Ardestani alirudi nyuma, akatazama picha, akamtazama yeye, akatazama picha. Havikulingana. Mikono ya Bi Mahlagha ilikuwa chini mno. Ya Zivar ilikuwa juu, imekaribia kidevu. Kiwiko kilielekea kwingine kabisa. Dhana yake nzuri ilianza kuvuja.

"Inspekta," Marziyeh alisema kwa upole, "pengine watu wa kale walikuwa wanashika maua kijinga tu."

Ardestani aliinama tena mbele ya picha. Alikuwa anafikiria faili, na saa, na mwanamke mzee aliyeosha kikaango kwa ajili ya mshtaki wake.

"Ngoja," Bi Mahlagha alisema.

Alikuwa anamtazama Zivar, kwa mara ya kwanza toka waingie. Si maua, aliitazama mikono.

"Hivi nilivyokaa ni vya chuoni, Tehran. Mwalimu alitufundisha kuilaza pajani. Nilipokuja likizo nikakaa hivi mbele ya mama, alinipiga kofi la mkono. Alisema hiyo ni tar, si mtoto wa kulazwa. Kwao inakaa juu ya moyo."

Akakiinua. Alikibana kifuani kwa mkono wa kulia, mpini ukapanda begani, na mwili wake wote ukajipanga wenyewe: mgongo ukanyooka, kidevu kikainama, vidole vya kushoto vikatengana, kidole gumba na cha shahada vikabana hewa mahali ambapo mpigaji hushika kile kipande kidogo cha shaba cha kugongea nyuzi. Alikuwa mzee aliyekaa kwenye kiti cha sebuleni na kikaango. Na juu yake, ukutani, alikuwa yeye yuleyule, kidole kwa kidole, kiwiko kwa kiwiko. Hakuna aliyecheka.

"Sajini, funga pazia," Ardestani alisema.

Alitoa tochi. Hakummulika Zivar usoni. Aliibandika tochi ubavuni mwa fremu ili mwanga utambae juu ya picha kwa upande, kama anavyofanya kutafuta nyayo kwenye sakafu iliyofagiwa. Mawaridi yalibadilika. Yakawa mabonde na vilima vidogo vya rangi. Na chini yake, vikipita katikati ya petali bila kuzijali, toka begani kushuka kifuani, vilitokeza vijistari vilivyoinuka, vimenyooka kabisa. Maua hayana mstari ulionyooka.

"Hesabu, mama. Leo hesabu."

Bi Mahlagha alisogeza kidole, karibu na kitambaa bila kukigusa.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne." Kidole kilifika mstari wa mwisho. "Tano. Inspekta, tano. Na tumbo lake hili hapa, na hapa linabanwa. Ni yenyewe. Mama yangu, ni yenyewe."

Alilia waziwazi, kikaango kikiwa bado mkononi. Bi Eshrat alikuwa amekuja nyuma yake bila mtu kumwona, naye alikuwa ameziba mdomo kwa shuka.

"Nimempangusa bibi huyu miaka yote," alisema, "na sikujua ameshika nini."

Ardestani akasema yaliyobaki, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusema.

"Tar ya kweli ilichomwa na mama yenu. Lakini picha iliyogandamana na ukuta haiingii jikoni, na waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba wangeipasua. Nyumbani kulikuwa na kijana anayejua kuchora kitu kimoja tu. Alichora hicho." Alisogeza mwanga kwenye ukingo wa shada. "Tazameni hapa. Ukitaka kuharibu kazi ya zamani ili rangi mpya ishike, unaikwangua kwanza. Yeye hakukwangua. Vanishi ya kale iko pale pale, inang'aa chini ya waridi, na maua yamekaa juu yake mepesi. Fundi wa picha atayaondoa kwa pamba na dawa, tar ibaki bila jeraha. Kaka yako hakufuta kitu, Bi Mahlagha. Alifunika ili pafunuliwe."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Simu zenu zilikuwaje?"

"Fupi. Kila mtu alijua kuna wa tatu anasikiliza. Tulisema hali ya hewa, tulisema bei ya nyama." Alikiweka kikaango chini, polepole. "Na kila simu aliimaliza kwa neno moja. Usije. Mama alipougua, usije. Mama alipokufa, usije. Hata mambo yalipolegea, watu wanakwenda na kurudi, mimi nasema nakata tiketi, yeye usije. Ndipo nilipomshuku. Nilisema mtu anayekukataza kwenu ana kitu anachokuficha."

"Alikuwa anakuogopea," Bi Eshrat alisema. "Jina lako watu wa usalama walikuja kuliuliza hapa, wifi, tena si mara moja. Mara ya mwisho alikuwa ameshaanza kuugua. Alisema angekuita halafu wakuchukue uwanja wa ndege, angekufa mara mbili."

"Ungeniambia wewe."

"Ulinipigia simu lini ukauliza mimi nina nini cha kusema?"

Bi Mahlagha aliigeukia picha. Wifi yake alimtazama, na Ardestani aliona ule ugomvi unamtoka usoni, kwa sababu alikuwa amekumbuka jambo, na jambo hilo lilikuwa linamuumiza yeye mwenyewe.

"Akishaikata simu alikuwa anakuja kusimama hapo ulipo," Bi Eshrat alisema. "Anamwambia huyu wa ukutani, 'Subiri kidogo, Bibi. Mahlagha akija nitakufungua mikono.' Mimi niko jikoni, namsikia. Nilidhani ni mizaha ya wachoraji. Kila sikukuu ya mwaka mpya alisema hivyo. Mwaka wa mwisho mkono wake ulikuwa hauwezi hata kushika kijiko, na bado anasema. Mahlagha akija."

 Marziyeh aliizima televisheni, bila kuambiwa.

Baadaye Ardestani alifungua pazia, akaketi mezani, akalifungua faili kwenye ukurasa wa mwisho. Alilisubiri neno la mlalamikaji, kama sheria inavyotaka.

"Niandike nini, mama?"

"Andika kwamba hakuna aliyeiba."

"Nimeandika. Na Bi Eshrat?"

"Andika hana kosa. Andika na kaka yangu hana kosa, jina lake lote, Esfandiyar, usifupishe."

"Nimeandika. Kingine?"

Bi Mahlagha alikuwa amerudi kusimama mbele ya shubaka, mikono imelala kando yake, haijui ikae wapi.

"Andika kwamba aliyechelewa ni mimi."

"Mama, hilo halina kifungu cha sheria."

"Najua, mwanangu. Andika."

Inspekta Ardestani alimtazama Marziyeh, Marziyeh akatazama sakafu. Inspekta akaandika kama lilivyotamkwa, akamgeuzia Bi Mahlagha ukurasa, akampa kalamu atie sahihi.